Mwaloni Ulioinamia Paa Letu

Jumamosi, 14 Juni

Tawi jingine limeanguka. Saa mbili asubuhi, hakuna upepo, hakuna mtu aliyeligusa — pwaa! Limetua kando ya ngazi ya baraza, pale pale ninapokaa kukata bamia. Unene wa mkono wangu, na mkono wangu si haba. Kama nisingeingia ndani kufuata chumvi, leo angekuwa anaandika mtu mwingine.

Mti huu wa mwaloni aliukuta babu mzaa babu. Kila mtu aliyezaliwa kwenye kisiwa hiki cha Pinah amewahi kupigwa picha chini yake. Lakini tangu maji ya bahari yaingie uani mwaka juzi yakakaa siku tisa, upande mmoja hauna jani hata moja. Zimebaki zile ndevu za kijivu zinazoota matawini, zinaning'inia tu. Na unainama. Mwaka jana niliweza kupita na kapu la nguo kati ya tawi kubwa na paa bila kuinama. Sasa tawi linaugusa ukingo wa paa upepo ukivuma kidogo tu. Krrr. Krrr. Kama mtu anakwangua sufuria.

Akaja jamaa mmoja wa kukata miti, mwenye lori dogo, anapita nyumba kwa nyumba. Akazunguka mti mara moja, akasema dola elfu tatu na mia nane. Nikacheka! Nikamwambia, baba, mwanangu mimi ana cheti cha kukwea na kukata miti, mwanamke pekee aliye nacho katika wilaya hii nzima, nenda kaulize. Huo mti anaukata kwa mkono mmoja huku anakunywa chai. Akainua kofia, akaenda zake.

Jioni mwanangu Binah karudi kutoka kazini, nikamsimulia nikitegemea tucheke wote. Hakucheka. "Mama, ulimfukuza? Kwa elfu tatu na mia nane?" Kisha akasema hakuna kampuni inayomruhusu mtu kukata mti wa kwao mwenyewe, bima haikubali. Na mti uliokufa nusu si mti wa kukwea kwa majigambo.

Nilimpakulia wali mwekundu wa nyanya mara mbili.

Jumanne, 17 Juni

Leo kaja bosi wake Binah mwenyewe, Bwana Pruitt. Kavuka daraja kwa heshima ya mwanangu, aliniambia hivyo kwa mdomo wake. "Sina fundi mwingine kama huyu binti yako." Nilimwomba arudie, kaka yangu Cudjo hakusikia vizuri.

Ana nyundo ya mpira. Akagonga shina huku na huku, anasikiliza kama daktari. Mahali pengine lilitoa sauti ngumu. Kwingine, upande wa nyumba, sauti ya debe tupu. Pale akagonga mara tatu, na uso ukabadilika.

"Mama, mti kama huu ungekuwa bara ningekukatia kwa nusu bei," akasema.

"Kisiwa kimekosa nini?"

Akaanza. Kreni haipiti kwenye daraja letu, ni nzito mno. Ingepita, ingezama uani, ardhi yetu ni tope la kinamasi chini ya mchanga. Kwa hiyo lazima mtu apande. Na mbao iliyokauka kwa chumvi haina ahadi, inashika leo, kesho inakatika bila kutoa mlio. Kushoto paa, kulia waya za umeme. Hakuna pa kuangushia, kila kipande kishushwe kwa kamba taratibu. Kampuni ya umeme ije kuzima. Magogo yavuke daraja kidogo kidogo, safari nane. Kisiki, bei yake peke yake.

Cudjo akauliza: "Na kivuli chake je, nacho mnakitoza?"

Bwana Pruitt kacheka hadi kashika kiuno. Lakini bei haikucheka. Elfu saba na mia mbili. Kwa ajili ya Binah, elfu sita. "Ila nileteeni kibali cha mji. Mwaloni wenye unene huu hauguswi bila kibali, hata ukiwa maiti. Na fanyeni haraka. Msimu wa vimbunga ukikolea, kila mtu anaukumbuka mti wake siku ile ile moja."

Pesa ipo. Miaka ishirini na sita ya kupika jikoni kwa watoto wa shule haikwenda bure, na Binah anaongeza. Namshukuru Mungu. Lakini ile sauti ya debe tupu haijanitoka masikioni.

Jumapili, 29 Juni

Kibali kinataka saini za wenye ardhi wote. Wote! Ardhi hii haina mwenyewe mmoja. Babu mkubwa alikufa bila wosia, mwanawe naye, sasa tuko warithi kumi na mmoja, wengine Jacksonville, wengine Philadelphia. Hatujawahi kugawana na hatugawani.

Basi leo baada ya ibada nimekusanya saini sita kwenye ukumbi wa kanisa. Nilipika kaa, mtu hasaini na njaa. Watano waliobaki nawatumia karatasi kwa posta kesho. Watu walisema, Sukey, wewe ungekuwa mbunge. Mimi sikusema, wao ndio walisema.

Jumatano, 23 Julai

Saini zote kumi na moja zimetimia! Nimezipeleka mwenyewe, nimevaa gauni la Pasaka. Binti wa ofisi ya miti ana miwani, anaitwa Bi Kessler. Kachukua karatasi, kasema wiki mbili.

Joto la leo si la kawaida. Mti umetoa uyoga shinani, wa rangi ya njano, mkubwa kama sahani. Binah kauona akanyamaza. Mwanangu akinyamaza mimi naogopa kuliko akipiga kelele. Nilipombana kasema tu, "Mama, hamishia kitanda chako upande wa jikoni."

Nimehamisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu yangu. Aibu yangu na hasira yangu.

Bi Kessler kaniita. Karatasi iko mezani, imewekwa alama nyekundu kama mtihani wa mtoto mzito wa kuelewa.

"Huyu Cudjo ni nani?"

"Kaka yangu. Yuko pale nje garini, anakula karanga."

"Kwenye orodha ya warithi iliyoko mahakamani hakuna Cudjo."

"Kuna Theodore."

"Basi Theodore hajasaini."

"Theodore ndiye Cudjo!"

"Mama, mimi naamini. Karatasi haiamini." Akasogeza kidole chini. "Na Boy-Boy? Ni mtoto? Mtoto haruhusiwi kusaini."

Boy-Boy ana miaka sabini na sita!

Hapo ndipo nikaelewa. Sisi kila mtu ana jina la kikapu, lile alilopewa angali mchanga wa kubebwa kapuni, na hilo ndilo tunaitwa mpaka kaburini. Jina la makaratasi ni la mwalimu na daktari. Nani kisiwani anamjua Theodore? Posta wenyewe hawamjui! Basi watu wamesaini wanavyoitwa. Boy-Boy, Pinch, Dollbaby. Wanane kati ya kumi na mmoja. Na wa kwanza kabisa, kwa mwandiko mkubwa wa kujivunia — Sukey. Mimi mwenyewe.

Nimeambiwa nianze upya. Nilitoka pale natembea kama nimebeba ndoo kichwani. Cudjo kaniuliza vipi. Nikamwambia, Theodore, washa gari.

Jumatatu, 11 Agosti

Barua za Philadelphia nimetuma tena. Nimeandika kwa herufi kubwa: JINA LA MAKARATASI. Dollbaby kanipigia simu, anauliza lake ni lipi. Yeye mwenyewe hana uhakika kama linaandikwa kwa herufi e mwishoni.

Binah hanilaumu. Angenilaumu ningepata pa kujibu.

Ijumaa, 22 Agosti

Saini tisa. Bado mbili.

Mvua siku nne mfululizo. Maji ya kinamasi yamefika kwenye uzio. Ardhi chini ya mti inacheza. Nimeiona kwa macho yangu — upepo ukisukuma, udongo upande wa barabara unainuka kidogo, halafu unashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilimwita Cudjo aje aone. Kaangalia, kavua kofia. Hakutania.

Nyumba hii marehemu mume wangu Elijah aliijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao, akitoka kazini. Haina bima. Bima wanataka hati yenye jina la mtu mmoja, hatuna. Msaada wa serikali baada ya kimbunga, vilevile, hati. Ikivunjwa hii hatujengi tena. Na wale wa Philadelphia wakiona kiwanja kitupu wataanza kuongea habari za kuuza. Nawajua.

Mti ukianguka usiangukie nyumba. Na mti ukikatwa usimchukue mwanangu. Naomba hayo mawili tu, naogopa kuomba la tatu.

Jumatatu, 1 Septemba

Kimbunga kimegeuka. Jana kilikuwa kinaelekea kusini, leo asubuhi kwenye televisheni ule mstari mwekundu umelala juu yetu kabisa. Ijumaa alfajiri, wanasema.

Nimempigia Bwana Pruitt. Sauti yake imechoka. Wafanyakazi wake wote wamechukuliwa na kampuni ya umeme, mkataba wa dharura. Amesema, "Nampenda Binah, mama. Lakini sina mtu." Nimepigia kampuni nyingine mbili. Moja haipokei. Nyingine kijana kaniuliza niko upande gani wa daraja, nikamwambia, akasema: elfu kumi na tano, taslimu, na haahidi kufika.

Elfu kumi na tano! Nami Juni nilimcheka mtu wa elfu tatu na mia nane.

Jumanne, 2 Septemba

Mji umetangaza hali ya dharura. Bi Kessler kanipigia simu yeye mwenyewe, namshukuru, kaniambia hadi kimbunga kipite kibali hakitakiwi tena. Mti wowote wa hatari unaweza kukatwa. "Kata tu, mama."

Nikamuuliza, na nani?

Kasema pole.

Binah alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Kaenda kwenye gari lake, kaanza kutoa kamba. Zake mwenyewe, si za kampuni. Bluu, nyekundu, nyeupe. Mikanda. Kofia ngumu. Misumeno miwili ya cheni, mkubwa na mdogo. Anapanga kila kitu barazani taratibu kama anaandaa meza.

Nikamwambia hapana.

"Mama, sipandi ule upande uliooza."

Nikamwambia hapana.

"Nitajifunga kwenye msonobari wa jirani, ule mzima. Nitautumia ule kunibeba. Mwaloni nitaukata tu, sitautegemea."

Nikamwambia nimekuzaa wewe mmoja tu. Acha paa liende. Tutahamia kwa Cudjo.

Cudjo kutoka jikoni: "Kwangu? Mna uhakika? Mimi nakoroma."

Binah akaja akanishika mikono. Viganja vyake vigumu kuliko vya baba yake. Akasema, "Wewe ndiye uliyemwambia kila mtu naweza." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli. Kanisani, dukani, jikoni shuleni. Nimemsifu mpaka watu wanajificha wakiniona. Sijawahi hata siku moja kwenda kumwona akiwa juu.

Kampuni ya umeme wamekata waya wetu saa tisa. Jirani wa nyumba mpya, mwenye ule msonobari, karuhusu. Alikuwa anafunga mizigo, kasema kwa haraka, chochote, chochote, mradi usiangukie gari langu.

Jumatano, 3 Septemba

Yuko juu tangu saa moja. Naandika vipande vipande.

Saa nne. Matawi madogo yote ya upande wa bahari yameisha. Anazungumza peke yake huko juu, au anaimba, sisikii vizuri. Cudjo ndiye mshika kamba. Kila tawi linafungwa kabla halijakatwa, kamba inazungushwa shinani mara tatu ili isiteleze, na mtu wa chini anaiachia pole pole. Cudjo anapenda. Anasema ni kama kuvua samaki kinyumenyume.

Saa sita na nusu. Anakula huko huko juu. Nimemfungia mkate na nyama ya nguruwe kwenye mfuko, kavuta kwa kamba. Nimeweza kumtazama, ila nikiwa nimekaa. Ni mdogo sana pale juu! Mtoto mrefu vile, nikimtazama kutoka hapa naweza kumfunika kwa dole gumba.

Saa tisa. Ee Mungu.

Tawi lilikatika kabla hajamaliza kulikata. Bila mlio, kama alivyosema Bwana Pruitt. Likashuka kwa uzito wote mara moja, kamba ikamvuta Cudjo mpaka shinani. Hakuachia! Namsifu, hakuachia. Lakini bega lake limetoka mahali pake. Mkono unaning'inia. Kapiga kelele moja, kisha kaanza kutukana kwa majina ambayo sikujua anayajua.

Tawi lilisimama hewani, futi mbili kutoka dirishani.

Binah kashuka upesi, weupe wa macho wote unaonekana. Kamrudisha mjomba wake bega yeye mwenyewe, alifunzwa kazini. Kisha kaketi chini, mgongo kwenye gurudumu la gari. Nikakaa kando yake. Nilitamani aseme inatosha. Nilimwomba Mungu aseme inatosha.

Akasema, "Limebaki moja tu, Mama. Lile kubwa."

Lile la juu ya paa.

Alhamisi, 4 Septemba

Daraja linafungwa saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo hakuna kutoka. Anga ni la njano, wala si la mvua. Ndege hakuna. Kinamasi kimetulia kabisa, hata kaa wameingia matundu yao.

Cudjo anakaa garini, mkono umefungwa kwa shali yangu ya kanisani, injini inaunguruma. Kazi yake leo ni redio na kututangazia kimbunga kiko umbali gani. "Maili mia na themanini!" anapaza sauti. Nimemwambia aache kusoma maili, asome zaburi.

Mshika kamba ni mimi.

Nilimwambia Binah tafuta mwanamume. Kasema, wapi? Kisiwa kimehama. Kisha kanitazama toka juu hadi chini, na ule mdomo wake ukavutika upande: "Na leo uzito wako ni neema, Mama." Nikamwambia uzito huu haukuja bure, kila ratili niliilipia. Tukacheka. Mara ya kwanza wiki hii. Kisha kanivisha glavu mwenyewe, kidole kwa kidole, kama nilivyokuwa nikimvisha yeye.

Tumeanza saa mbili. Tumefanya majaribio na vipande vidogo vya ncha. Cha kwanza kiliniburuza hatua tatu. Cha pili, mbili. Cha tatu nikasimama. Kutoka juu nikasikia: "Huyo ndiye mama yangu!" Hakuna aliyekuwepo kusikia ila Cudjo. Nasikitika kidogo.

Ncha zimeisha. Sasa kimebaki kile kigogo chenyewe, kinene kuliko pipa, kinalala juu ya chumba changu cha zamani. Anasema atakikata vipande vitatu. Cha kwanza ndicho cha hatari. Upande wa chini una tundu, sauti ile ile ya debe tupu. Kikikatika vizuri, kitabembea kuelekea uani na mimi nitakishusha. Kikikatika vibaya, kitapasuka kwa urefu, na kitarudi nyuma upande wake.

Amenieleza hayo polepole, kama anavyonieleza simu mpya. Kisha akasema: "Sasa sikiliza. Kikianza kwenda, usinitazame mimi. Tazama kamba. Ukinitazama mimi utachelewa."

Nimemuuliza, na ukipiga kelele?

"Tazama kamba."

Upepo umeanza. Kidogo, kutoka mashariki. Ule udongo wa upande wa barabara umeinuka tena, nimeuona, na haujashuka wote. Sijamwambia. Nimwambie? Akijua ataharakisha, na akiharakisha... Yeye yuko kwenye msonobari, hautegemei mwaloni, amesema mwenyewe. Lakini mwaloni ukiondoka na tawi halijakatika —

Nimemwambia. Nimepaza sauti, nimeonyesha kwa mkono. Kaangalia chini muda mrefu. Kisha kaashiria dakika kumi, ananoa cheni. Hashuki.

Kwa hiyo naandika dakika hizi kumi, kwenye ngazi ya baraza, glavu zimelowa jasho na penseli inateleza.

Cudjo kaniita kutoka garini, sauti yake ya upole ile ya utotoni. "Dada. Tungeweza kuondoka tu." Nikamwambia kamwambie yeye.

Miaka thelathini na moja nimemtazama. Alipoanza kutembea sikumwondolea macho. Alipougua surua, usiku na mchana. Alipopokea kile cheti nilisimama juu ya kiti ili nimwone, watu wakanivuta gauni. Leo ndiyo siku ninayotakiwa kutazama kwingine.

Msumeno umewaka. Anauzima tena. Anaita —

"Mama! Uko tayari?"

Mizunguko mitatu shinani. Miguu mbali na kamba. Macho kwenye kamba. Kwenye kamba, Sukey.

Anaita mara ya pili. Naenda kwenye kamba.